Mwaka wa uchaguzi: tunatazama kinachotolewa na kusahau kinachozuiliwa

Mleta mada

Wanajukwaa, uchaguzi unapokaribia, mjadala wa uchumi huwa uleule popote pale: serikali imefungua hazina, barabara zinawekwa lami usiku kucha, mishahara ya watumishi imepandishwa, na baada ya kura kila mtu atalipia kwa mfumuko wa bei. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanasoma upande mmoja tu wa leja, tena ule ambao mwenye leja mwenyewe anataka usomwe. Ninaleta uzi huu kutetea hoja kwamba tarehe ya uchaguzi huuathiri uchumi zaidi kupitia maamuzi yanayozuiliwa kuliko kupitia fedha zinazomwagwa, na kwamba anayetaka kuuona uchaguzi ndani ya takwimu hana budi kutafuta bei ambayo haikupanda ilipopaswa kupanda, benki ambayo haikufungwa ilipopaswa kufungwa, na deni ambalo halikulipwa lilipoiva.

Nadharia nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Marekani William Nordhaus alijenga hoja iliyo rahisi: wapiga kura wana kumbukumbu fupi, na sera ya uchumi ikilegezwa (riba ikishushwa au matumizi ya serikali yakiongezwa) huleta ajira kwanza na mfumuko wa bei baadaye, kwa hiyo serikali inayotaka kurudi madarakani italegeza kabla ya kura na kukaza baada yake, na uchumi utapanda na kushuka kwa kufuata kalenda. Michał Kalecki wa Poland alikuwa amekwisha kuzungumzia mzunguko wa uchumi wenye asili ya kisiasa tangu mwaka 1943, ingawa yeye alitazama hofu ya waajiri juu ya ajira kamili wala si sanduku la kura. Mwaka 1977 Douglas Hibbs akasema kwamba la muhimu ni chama gani kinatawala, kwa kuwa vyama vya mrengo wa kushoto huogopa zaidi ukosefu wa ajira na vya mrengo wa kulia huogopa zaidi mfumuko wa bei. Kisha mwaka 1990 Kenneth Rogoff akamwondolea mpiga kura lawama ya ujinga: ana akili zake timamu, ila hawezi kuujua uwezo wa serikali hadi baadaye, na ndiyo maana kiongozi hupeleka fedha kwenye mambo yanayoonekana kwa macho ili ahesabiwe kuwa hodari.

Mfano usiokosekana katika mada hii ni wa Richard Nixon, rais wa Marekani. Tarehe 15 Agosti 1971 alisimamisha kupanda kwa bei na mishahara kwa siku 90 na kukata uhusiano wa dola na dhahabu, huku Benki Kuu ya Marekani chini ya Arthur Burns ikiendesha sera legevu. Mwaka uliofuata pensheni za wazee zikapandishwa kwa asilimia 20. Hundi zenye nyongeza ziliwafikia Oktoba 1972, wiki chache kabla ya kura, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi iliyomweleza mpokeaji kwamba sheria hiyo ilitiwa saini na Rais Nixon. Makato makubwa zaidi ya kugharimia mfuko huo yakaanza Januari 1973. Jambo linalosahauliwa ni kwamba nyongeza hiyo haikuwa wazo lake. Bunge, lililokuwa mikononi mwa chama pinzani, ndilo lililoisukuma, naye alitaka iliyo ndogo zaidi; lakini ilipokuwa haizuiliki, kila upande ulitaka jina lake lisomeke kwenye bahasha. Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Mfumuko wa bei, uliokuwa takriban asilimia 3 mwaka 1972, ulifika asilimia 11 mwaka 1974, ingawa tuwe waadilifu: kupanda kwa mafuta baada ya Oktoba 1973 hakukusababishwa na uchaguzi wowote.

Angalieni, hata hivyo, kwamba katika kisa hicho kinachotumiwa kila siku kama mfano wa kumwaga fedha, sehemu kubwa ya mkakati ilikuwa kuzuia. Bei zilifungwa kwa amri, na nguvu iliyokuwa inazisukuma ikaachwa ijikusanye chini ya kifuniko.

Ugumu wa nadharia ya Nordhaus ni kwamba ukiutafuta mzunguko wake katika ukuaji wa pato la taifa wa nchi zenye demokrasia kongwe, huambulii kitu cha maana. Adi Brender na Allan Drazen walionyesha mwaka 2005 kwamba kupanuka kwa nakisi ya bajeti (pengo la matumizi kuzidi mapato) katika mwaka wa uchaguzi kunatokana zaidi na nchi zilizoingia katika demokrasia karibuni, na kwamba hali hiyo hufifia baada ya chaguzi chache za mwanzo. Kwa upande mwingine, Akhmed Akhmedov na Ekaterina Zhuravskaya, waliochunguza bajeti za majimbo ya Urusi mwezi kwa mwezi, walikuta mzunguko mkubwa lakini wa muda mfupi sana, kiasi kwamba ukijumlisha takwimu za mwaka mzima unapotea. Maana yake ni kwamba wengi wetu tumekuwa tukichungulia kwa kioo kisichofaa: tunatazama jumla za mwaka, ilhali mchezo unachezwa katika miezi mitatu au minne.

Ucheleweshaji, kinyume chake, haujifichi hivyo. Chukueni ruzuku ya petroli nchini Nigeria. Sheria ya sekta ya mafuta ya mwaka 2021 ilikuwa na maana kwamba ruzuku ingekoma, lakini Januari 2022 serikali ikatangaza kuliahirisha jambo hilo kwa miezi 18. Hesabuni wenyewe: miezi hiyo inaangukia katikati ya mwaka 2023, uchaguzi ulikuwa Februari 2023, na makabidhiano ya madaraka tarehe 29 Mei. Siku hiyohiyo ya kuapishwa kwake, Rais Bola Tinubu alitangaza kwamba ruzuku imekwisha. Hakuna kanuni ya uchumi inayotoa jibu la miezi 18. Jibu hilo linatoka kwenye kalenda ya ukutani.

Brazil ya mwaka 1986 ni kali zaidi. Bei ziligandishwa kwa amri mwishoni mwa Februari, wananchi wakafurahi, na kadiri miezi ilivyokwenda bidhaa zikaanza kuadimika madukani kwa sababu wazalishaji hawakutaka kuuza kwa hasara. Kila mwenye kujua alijua kwamba amri ile ilihitaji kurekebishwa. Haikurekebishwa. Tarehe 15 Novemba chama kikuu katika muungano uliotawala kilishinda ugavana katika majimbo 22 kati ya 23, na tarehe 21 Novemba, siku sita tu baadaye, serikali ikatangaza kupandisha bei za mafuta, umeme, magari, sigara na vileo. Waswahili tuna msemo wa kufunika kombe mwanaharamu apite. Hapa mwanaharamu alikuwa mpiga kura, na alipopita tu kombe likafunuliwa.

Mexico inaonyesha kwa nini jambo hili si mzaha. Mwaka 1994 peso ilikuwa chini ya shinikizo kubwa, hasa baada ya mgombea wa chama tawala kuuawa mwezi Machi. Badala ya kuirekebisha, serikali ilitumia akiba ya fedha za kigeni kuilinda na kuwauzia wawekezaji dhamana za muda mfupi ambazo thamani yake ilifungwa kwenye dola. Uchaguzi ulifanyika tarehe 21 Agosti, Ernesto Zedillo akaapishwa tarehe 1 Desemba, na tarehe 20 Desemba peso ikashushwa thamani. Siku mbili baadaye ikaachwa ielee yenyewe, bei yake ipangwe na soko, kwa kuwa akiba ilikuwa karibu imekwisha. Mwaka uliofuata pato la taifa lilishuka kwa takriban asilimia 6. Marekebisho yaleyale, kama yangefanyika mapema wakati akiba bado ipo na deni la dola halijakua, yangeuma kidogo tu. Kwa hiyo ucheleweshaji una riba yake.

Na kuna benki. Craig Brown na Serdar Dinç walifuatilia benki kubwa katika nchi 21 zenye masoko yanayoibukia na kuona kwamba serikali huchukua au kufunga benki iliyofilisika mara chache sana kabla ya uchaguzi, kisha matukio hayo huongezeka baada yake. Benki haipati nafuu kwa sababu kampeni zinaendelea. Inaendelea kuvuja, na shimo linalokuja kuzibwa na mlipa kodi linazidi kuchimbika.

Kwa upande wa wafanyabiashara, nao huahirisha. Brandon Julio na Youngsuk Yook, kwa takwimu za nchi 48 kati ya mwaka 1980 na 2005, walikuta kwamba makampuni hupunguza uwekezaji kwa wastani wa asilimia 4.8 katika mwaka wa uchaguzi. Mwenye kiwanda hana haja ya kuamini kwamba serikali mpya itakuwa mbaya. Inatosha kwamba hajui kodi itakuwa ngapi, na mashine akiishanunua hairudi dukani. Hivyo serikali inaharakisha lami na kuzuia bei, na kampuni nayo inazuia mtambo. Mambo haya mawili yakijumlishwa yanaweza kufutana kabisa katika pato la taifa, na mtafiti akaandika kwamba uchaguzi hauna athari.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nashukuru kwa uzi wenye nyama, lakini kuna jambo haliniingii akilini. Ikiwa walio madarakani wana uwezo huo wote wa kupanga nini kije kabla na nini kije baada, kwa nini wanashindwa? George Bush wa kwanza alikuwa na kila sababu ya kuuchezea uchumi mwaka 1992, na alianguka kwa sababu ya uchumi huohuo.

Mleta mada

Mkuu, mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Mdororo ule ulianza Julai 1990 na kuisha Machi 1991, miezi 20 kabla ya kura. Lakini ajira ziliendelea kuchechemea, ukosefu wa ajira ukafika asilimia 7.8 Juni 1992, na kamati ya wanauchumi ambayo kazi yake ni kutaja rasmi mwanzo na mwisho wa midororo haikutangaza kwamba mdororo uliisha Machi 1991 hadi Desemba 1992, wakati Bush alikwisha kushindwa. Benki Kuu ilikuwa imeshusha riba hadi asilimia 3 ilipofika Septemba, ila riba huchukua mwaka au zaidi kuingia katika mifuko ya watu.

Hapo ndipo tofauti ninayoisema ilipo. Kuufanya uchumi upande katika mwezi fulani ni kazi ambayo karibu hakuna serikali inayoiweza, kwa sababu uchumi unachelewa kuitika na haujulikani utaitika lini. Kuzuia tangazo la bei ya umeme lisitoke mwezi huo ni kazi ya simu moja.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya uhasibu katika taasisi ya umma kwa miaka mingi, na ninaomba kuongeza jambo ambalo wachumi hawalioni kwa sababu halimo katika takwimu zao.

Mkandarasi akimaliza hatua ya kazi, mhandisi anakagua na kuidhinisha, kisha hati ya madai inaletwa masjala, inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na tangu tarehe hiyo siku za kulipa zinaanza kuhesabiwa. Zikipita, riba ya ucheleweshaji inaanza. Katika mwaka mmoja wa uchaguzi ninaoukumbuka vizuri, kazi zilikuwa nyingi kuliko fedha zilizotengwa. Hakuna aliyetoa amri ya maandishi. Muhuri tu ulikoma kupigwa. Hati zilipokelewa kwa mkono, zikawekwa katika boksi la karatasi chini ya meza ya karani, na kila mkandarasi aliyekuja kuulizia alipigwa danadana kwa adabu zote. Boksi likajaa, likaja la pili. Baada ya kura muhuri ulipigwa kwa siku nne mfululizo, na hati zote zikapata tarehe ya wiki ileile.

Kwa taarifa ya fedha, deni lile lilizaliwa baada ya uchaguzi. Kwa mkandarasi, lilikuwa na umri wa miezi saba. Alikuwa amekopa benki ili alipe vibarua na saruji, na riba ya benki haikusubiri muhuri. Wapo waliouza magari ya kazi. Ndiyo maana ninakubaliana na mleta mada: barabara ilionekana na ilifunguliwa kwa utepe, lakini fedha iliyoijenga ilitoka mfukoni mwa mtu binafsi bila ridhaa yake, na anguko la kibiashara lililofuata likaelezwa kuwa ni hali ngumu ya soko.

Mchangiaji wa tatu

Hoja zenu zinadhani kwamba tarehe ya uchaguzi inajulikana. Je, katika mifumo ya kibunge ambako waziri mkuu anaweza kuvunja bunge na kuitisha kura anapotaka, mambo hayageuki? Nadhani huko uchumi ndio unaopanga uchaguzi.

Mleta mada

Ndugu, umegusa penyewe, nami nilipaswa kulisema tangu mwanzo. Takatoshi Ito alipoichunguza Japani alikuta hasa hilo: serikali haikuwa inaupandisha uchumi ili ushinde uchaguzi, bali ilikuwa inasubiri uchumi upande wenyewe kisha inaitisha uchaguzi. Mtafiti asiyelijua hilo atakuta ukuaji mzuri kabla ya kura na kudhani kwamba serikali ndiyo iliyouleta. Uingereza ilijaribu kulifunga jambo hili kwa sheria ya mwaka 2011 iliyoweka muhula wa miaka mitano; chaguzi za mapema zikafanyika hata hivyo mwaka 2017 na 2019, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 2022.

Lakini kuchagua tarehe hakuondoi hatari ya kuzuia, bali wakati mwingine huifanya iwe kali zaidi. New Zealand, Juni 1984, Waziri Mkuu Robert Muldoon aliitisha uchaguzi wa ghafla ufanyike baada ya mwezi mmoja. Wenye fedha walijua kwamba dola ya nchi hiyo ilikuwa imepewa thamani iliyozidi, na kwamba atakayeshinda huenda akaishusha, kwa hiyo wakahamisha fedha zao nje wiki zote za kampeni. Muldoon akashindwa, na hata baada ya kushindwa akakataa kwanza kuishusha sarafu. Siku chache baada ya kura ikashushwa kwa asilimia 20. Kwa nchi nzima, mwezi mmoja wa kampeni ulitosha kuzalisha dharura.

Nchi hiyo ilijifunza. Mwaka 1989 iliipa benki kuu yake uhuru wa kusimamia mfumuko wa bei, na sheria ya bajeti ya mwaka 1994 ikailazimisha wizara ya fedha kuchapisha hali halisi ya hazina wiki chache kabla ya kila uchaguzi. Napenda sana utaratibu huo wa pili kuliko wa kwanza. Benki kuu huru inafunga mlango wa riba, lakini mlango wa umeme, mafuta na madeni ya wakandarasi unabaki wazi, na anayetaka kupita atapita huko.

Ushahidi ni Brazil tena. Sheria yao ya uwajibikaji wa kibajeti ya mwaka 2000 inakataza kuongeza gharama za watumishi katika siku 180 za mwisho wa muhula, na inakataza kuingia katika wajibu mpya ndani ya miezi minane ya mwisho bila kuacha fedha za kuulipa. Kwenye karatasi sijaona sheria bora. Ulipofika mwaka 2014, bei za mafuta na umeme zilizuiliwa, na serikali ikachelewesha kuzirudishia benki za umma fedha ambazo zilikuwa zimelipia programu za kijamii kwa niaba yake, hivyo nakisi ikaonekana ndogo. Duru ya pili ya uchaguzi ilifanyika tarehe 26 Oktoba. Tarehe 29 benki kuu ikapandisha riba. Tarehe 6 Novemba ikatangazwa bei mpya ya mafuta. Mwaka 2015 mfumuko wa bei ukavuka asilimia 10, mahakama ya ukaguzi ikapendekeza hesabu za mwaka 2014 zikataliwe, na mtindo huo wa kuchelewesha malipo ukawa sehemu ya mashtaka yaliyomwondoa Rais Dilma Rousseff madarakani Agosti 2016. Sheria ilitazama fedha zinazotoka. Ujanja ukahamia kwenye fedha zisizotoka.

Kwa hiyo swali langu ni kwa mchangiaji wa pili, maana ndiye aliyeliona boksi. Je, tukiilazimisha kila taasisi kuchapisha, siku 30 kabla ya kura, orodha ya madai yote yaliyopokelewa na hayajalipwa pamoja na umri wa kila dai, boksi litafunguka?

Mchangiaji wa pili

Lingefunguka miaka ile. Siku hizi hati za madai zinaingia kwa mfumo wa kielektroniki, na mfumo unaweka tarehe wenyewe bila kumwuliza karani, jambo ambalo sote tulilishangilia. Uchaguzi wa kwanza baada ya mfumo kuanza, nilitazama orodha ya madai na kukuta miezi mitatu kabla ya kura imekauka kabisa, kana kwamba wakandarasi wote wameacha kazi, ilhali mitambo ilikuwa inanguruma barabarani. Nikampigia mmoja wao ninayemfahamu kumuuliza kama ana tatizo na neno lake la siri. Akaniambia hana tatizo lolote. Alikuwa amepigiwa simu na kuombwa kwa upole asiiwasilishe hati yake kwanza.